Tumbo la Karani

Kambini, Georgia
Jumapili, 16 Juni

Dada Delfina,

Hii ndiyo barua ya kwanza tuliyoruhusiwa kuandika. Ninaiandika nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kitandani, kwa sababu kitanda kikishatandikwa hakikaliwi. Simu zetu walizikusanya siku ile ile tuliyofika, wakazitia kwenye mifuko ya plastiki yenye majina. Kwa hiyo usinitumie ujumbe. Hautanifikia.

La haraka kwanza. Tafadhali mwambie Ximena asichore chochote kwenye bahasha, na asibandike stika hata moja. Barua hugawiwa mbele ya watu wote, na bahasha yenye urembo hulipiwa pushapu. Juzi jamaa mmoja wa Kansas aitwaye Kilgore alipata barua ya mchumba wake, inanukia marashi. Sajini Stroud, huyu anayetufundisha, aliinusa polepole, akafumba macho, akauliza, "Makuruti, nani kaleta harusi kambini?" Kilgore alipiga pushapu mpaka jasho lake likayashinda yale marashi.

La pili, nimekuwa karani wa platuni. Sikuomba. Stroud aliuliza nani amesoma chuo, nikakaa kimya kama ulivyonifundisha, lakini alikuwa na faili langu mkononi.

"Arizpe! Miaka miwili ya chuo. Miaka miwili kaunta ya usajili wa magari. Unajua kuandika?"

"Ndiyo, afande!"

"Unajua kunyamaza?"

"Ndiyo, afande!"

"Basi wewe ni karani wangu."

Ninaandika zamu za ulinzi, zamu za vyoo, na nani yuko na nani. Maana yake ni kwamba kila ninayemwandikia vyoo ananichukia siku nzima. Ukimwona Sajini Villaseñor pale dukani, yule mwandikishaji aliyekaa jikoni kwetu akala tamale zetu akaapa kwamba makarani hawatembei, mwambie miguu yangu inamsalimu.

Hapa hakuna mtu aendaye popote peke yake. Kila kuruti ana mwenza. Chooni mko wawili, kanisani mko wawili, zahanati mko wawili. Ukikutwa peke yako mnaadhibiwa wote. Wangu anaitwa Ledbetter, katoka milima ya Arkansas, ana miaka kumi na saba, na mama yake ilibidi amtilie saini. Ni mwembamba mno. Aliniuliza sisi Texas tunakula nini Jumapili, nikamweleza barbacoa ya Baba, ile nyama ya kufukiwa, tangu shimo linavyochimbwa mpaka tortilla ya kwanza. Akasema, "Rudia tena toka kwenye shimo."

Ninaogopa, Dada. Ninaogopa asubuhi, ninaogopa nikisikia buti kwenye ngazi. Baba usimwambie. Mwambie ninakula vizuri.

Mdogo wako,
Nicanor


San Tadeo, Texas
20 Juni

Nico,

Umechelewa. Bahasha ya Ximena iliondoka Jumatatu. Ina farasi wenye mabawa pande zote mbili, na lile vumbi la kumetameta ambalo mpaka leo ninalifuta kwenye viti vya basi langu la shule. Piga pushapu zako kwa heshima ya mpwa wako, usinung'unike.

Baba nimemwambia unakula vizuri. Akaniuliza, "Na usingizi?" Nikasema unalala kama gogo. Akasema, "Huyo hajawahi kulala kama gogo tangu azaliwe." Kwa hiyo baba yako hajadanganyika, ila amenyamaza.

Unaogopa, sawa. Wewe ulikuwa ukiogopa kuku. Uliogopa mtihani wa udereva, ukaufanya mara tatu, na leo unaendesha vizuri kuliko mimi ninayelipwa kuendesha. Sijawahi kukuona ukiacha kitu kwa sababu ya woga. Unakwenda huku unatetemeka, basi. Hiyo ndiyo namna yako, nami sina shaka nayo.

Villaseñor nilimwona. Alikuwa ameweka nje ya duka chuma chake cha kujivuta juu kwa mikono, anampa shati kila mvulana anayejivuta mara kumi. Nilimpa salamu za miguu yako. Alicheka sana. Meno yake ni mazuri, nilikuwa sijayatazama.

Mlishe huyo Ledbetter. Mama yake ametia saini, lakini nina hakika hakulala siku ile.

Dada yako,
Delfina


Kambini
Jumapili, 7 Julai

Dada,

Farasi walifika, nikawalipia mbele ya watu wote. Stroud ameibandika ile bahasha kwenye mlango wa ofisi yake na kila apitaye anacheka, hata yeye.

Usingenitambua. Sauti yangu imekuwa nyingine. Jana niliachiwa nitoe amri uwanjani, na watu wote wakageuka pamoja kama mlango mmoja. Mimi huyu, niliyekuwa nikiiomba radhi mashine ya soda! Ninakimbia bila kutapika. Bunduki ninaifungua na kuifunga bila kuitazama. Zamani nilikuwa nikifikiri watu wa namna hii wamezaliwa hivyo. Kumbe wanatengenezwa, na sasa ninatengenezwa mimi.

Sasa nikuchekeshe. Ledbetter amekuwa mzee. Asubuhi anaushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, anauinua, anauingiza kwenye suruali kama mtu anayepakia gunia kwenye gari. Kilgore anamwita Bibi. "Bibi, tukuletee kigoda?" "Bibi, wajukuu hawajambo?" Kwenye mbio anabaki nyuma, na akibaki nyuma Stroud hamwadhibu yeye. Anamsimamisha katikati yetu. "Pumzika, Ledbetter. Wenzako watakulipia." Basi sisi tunapiga pushapu tumemzunguka, naye amesimama anatutazama, amekatazwa kushuka. Unaweza kufikiri anavyosemeshwa bwaloni baada ya hapo.

Lakini nimelipatia dawa. Nusu ya mzigo wa shanta yake ninaibeba mimi. Kamba za buti zake ninafunga mimi. Kwenye mbio ninamshika mkanda kwa nyuma, ninamsukuma, na kwa mbali huoni kitu. Vidonge vya maumivu nilivyopewa kwa ajili ya malengelenge ninampa yeye. Wiki hii hakubaki nyuma hata mara moja. Stroud alisema mbele ya platuni nzima, "Mtazameni karani. Huyo ndiye mwenza." Dada, nimekaa kaunta miaka miwili na hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo.

Utauliza kwa nini haendi kwa daktari. Kila asubuhi tukishapanga mstari Stroud huita, "Wagonjwa mbele!" Ukipiga hatua, mwenza wako naye anapiga, maana huendi peke yako. Wote wawili mnapoteza mafunzo ya siku hiyo. Na mkikosa jaribio la lazima, mnalirudia na kombania inayotufuata, katikati ya wageni. Hakuna anayepiga hatua. Ledbetter anasema ni msuli tu, na ameniapisha nisiseme. Kilichobaki kikubwa ni Mwendo Mrefu, Jumatano ya mwisho wa Julai, usiku kucha na shanta mgongoni. Tukiuvuka huo tumemaliza.

Niombeeni, lakini si sana. Niko vizuri.

Nicanor


San Tadeo
12 Julai

Nico,

Sikucheka.

Nimeisoma barua yako ndani ya basi, nikiwasubiri watoto wa masomo ya kiangazi, nikairudia, kisha nikampelekea Chayo, nesi wa shule. Aliniuliza swali moja: maumivu yako wapi? Nami sikujua, kwa sababu hukuandika. Mwulize. Kama ni kwenye kinena, Chayo anasema hakuna msuli hapo wa kumfanya mtu ainue mguu wake kama gunia. Ni mfupa wa nyonga umeingia ufa. Ukikatika kabisa watamfungua na kumtia vyuma, na huenda asitembee tena sawasawa. Ana miaka kumi na saba.

Hilo ni moja. La pili litakuuma, na ninataka likuume. Unajisifu kwamba unambeba. Ndiyo, unambeba, mpaka mahali atakapovunjikia. Pasipo wewe angeanguka zamani, na wakubwa wangelazimika kumtazama. Huyo Stroud hana haja ya kumlazimisha mtoto yule kukimbia na mfupa mbovu. Anaye wewe. Unamfunga viatu, unamsukuma, unampa vidonge, kwa ujira wa sifa moja mbele ya watu. Amekununua rahisi sana, mdogo wangu, nami nilidhani una bei.

Unamjua Ramiro, rafiki wa Baba. Mwaka ule wa kuvuna vitunguu Baba alipoumia goti, Ramiro alikuwa akimaliza mstari wake kisha anarudi kummalizia Baba wa kwake, ili msimamizi asijue. Baba anamshukuru mpaka leo. Na mpaka leo hawezi kushuka ngazi za kanisa bila kunishika bega.

Sema. Usiposema, nitampigia simu kamanda wenu mwenyewe, na unajua mimi nikishika simu.

Delfina


Kambini
Jumapili, 21 Julai

Delfina,

Usipige simu. Huku si kwenye basi lako.

Nilimwuliza. Ni kwenye kinena. Umeridhika? Mimi si daktari, wewe si daktari, na Chayo anabandika plasta kwenye magoti ya watoto.

Hujui ukisema kinatokea nini. Nyuma ya jengo letu kuna platuni ya waliovunjika. Tunawaona wakienda kula, wamepangwa mstari na magongo yao. Wengine wako humo tangu wakati wa baridi. Wanakunja mashuka, wanasugua vyungu. Hawahitimu na nyumbani hawarudi. Ledbetter ananiambia, "Nikiingia mle, Arizpe, sitoki tena." Mama yake amealika ukoo mzima kwenye gwaride la kuhitimu. Nikimsemea, ataulizwa mbele ya watu, naye atajibu, "Sina tatizo, afande!" kwa sauti kubwa kuliko zote. Kisha mimi nitakuwa mtu aliyemchoma mwenza wake.

Na mimi je? Akienda yeye ninakwenda naye. Mwendo Mrefu unanipita, ninaanza tena na watu nisiowajua, na jina baya limenitangulia. Sitaki kuanza upya. Nimefika mbali mno.

Mpango tunao. Usiku ule shanta yake itakuwa karibu tupu, yangu itabeba vya wawili. Nimepima, inawezekana.

Kuruti Arizpe N.,
Karani wa Platuni


San Tadeo
26 Julai

Kuruti Arizpe,

Sikujua kwamba siku hizi ninaandikiana na platuni.

Simu sikupiga. Nilikwenda kwa Villaseñor ofisini kwake, nikamwuliza mvulana mwenye mguu wa namna hii hufanywa nini. Akaniambia, "Bibie, jeshi lina madaktari bora kuliko mji huu wote." Nikamwuliza huwafikia namna gani. Akanipa shati na chupa ya maji, kisha akaniuliza kama binamu wa Ximena, yule Tadeo mrefu, anamaliza shule mwaka huu au ujao. Shati nimefutia vioo vya basi.

Katika barua yako yote kuna maneno matatu tu yaliyonifurahisha: "Sitaki kuanza upya." Hayo ni yako. Mengine yote yana sauti ya Stroud, lakini hayo ni ya Nico, na huyo ninaweza kuongea naye. Ni kweli, utaanza upya. Itauma. Utachekwa. Lakini wewe utaanza upya na miguu miwili.

Nimeamua sitapiga simu hata kidogo. Nikipiga mimi, watamtoa yule mtoto, na wewe utabaki mtu aliyenyamaza mpaka dada yake akasema. Nakuamini kuliko unavyojiamini. Pale kaunta nilikuwa nikikutazama. Bibi kizee anakuja amekosa karatasi moja, wenzako wanamwambia rudi kesho, wewe unavuta kile kitabu cha kanuni, unasoma mpaka maandishi madogo ya nyuma, unapata mstari mmoja unaomruhusu aondoke na namba zake za gari. Ulikuwa ukifanya hivyo huku masikio yamekuwa mekundu kwa woga wa msimamizi.

Usiniambie huko hakuna kitabu cha kanuni.

Dada yako, ambaye bado ana jina,
Delfina


Kambini
Jumapili, 4 Agosti

Dada Delfina,

Barua yako ya tarehe 26 nimepewa leo. Jambo lenyewe lilikwisha Jumanne. Kwa hiyo usijipongeze kwa ule mstari; niliupata mwenyewe, Jumatatu jioni, nikiandika orodha ya wenza kwa ajili ya Mwendo. Ila masikio yalikuwa mekundu, hapo umepatia.

Nilikuwa nimeandika "Arizpe na Ledbetter" na kalamu ikasimama. Wiki zote nilikuwa nikifikiri, akiumwa Ledbetter ninakwenda naye. Lakini kanuni haijali ni yupi kati ya wawili anayeumwa. Nikiumwa mimi, anakwenda yeye. Hana ruhusa ya kukataa. Siwezi kwenda peke yangu.

Jumanne asubuhi Stroud akaita, "Wagonjwa mbele!" Nikapiga hatua.

Nilisikia mstari mzima ukivuta pumzi. Ledbetter akanong'ona, "Unafanya nini wewe? Rudi." Stroud akaja taratibu mpaka kofia yake ikakaribia kunigusa.

"Karani. Umepotea njia?"

"Hapana, afande. Ninaumwa tumbo, afande."

"Tumbo."

"Ndiyo, afande."

"Kesho ni Mwendo Mrefu, na leo karani wangu ana tumbo."

"Ana mimba, afande!" Kilgore akapiga kelele kutoka nyuma, na platuni nzima ikaangua kicheko.

"Kilgore, nikihitaji mkunga nitakuita." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ukienda leo watakuzuia kesho. Unalijua hilo?"

"Ninalijua, afande."

"Mwenza wa karani, mbele."

Ledbetter akapiga hatua. Hatua moja tu, Dada, na nadhani kila mtu aliiona, kwa sababu kicheko kilikatika. Stroud aliutazama ule mguu. Akanitazama mimi. Akasema, "Ondokeni mbele ya macho yangu."

Njiani hadi zahanati Ledbetter alinitukana matusi yote ya Arkansas. "Mwoga! Siku moja tu! Ulishindwa kuvumilia siku moja tu!" Alikuwa analia. Mimi nilifanya jambo gumu kuliko yote niliyoyafanya hapa: sikumshika mkanda. Nilitembea mwendo wa kawaida, nikamwacha atembee mwenyewe, kama alivyo. Alibaki nyuma sana. Nikamsubiri mlangoni.

Nesi wa mapokezi ni mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inizwa kwa kamba. "Mgonjwa nani?"

"Mimi, afande. Tumbo."

Alitazama nyuma ya bega langu. Ledbetter alikuwa anakuja ameushika ukuta.

"Na yule?"

"Yule si mgonjwa, afande. Ni mwenza wangu, amenisindikiza."

Akavua miwani. "Wewe wa tumbo, kaa pale. Wewe msindikizaji, panda hapa kitandani."

Walimpiga picha. Muda si mrefu daktari akatoka chumbani anakimbia, nami sikuwa nimewahi kuona daktari akikimbia. Wakamkataza Ledbetter hata kusimama. Ufa uko kwenye shingo ya mfupa wa paja, umebakiza kidogo ukatike. Daktari alisema usiku mmoja wa shanta ungemaliza kazi, hata kama shanta yenyewe ingekuwa tupu. Wakamsukuma kwenda hospitali kubwa. Nilimfuata mpaka kwenye lifti. Aligeuza uso ukutani, akasema, "Usiniite mwenza."

Mimi nilipewa dawa ya pinki na kulazwa siku mbili nichunguzwe. Mwendo ulinipita. Alhamisi ya tarehe 15 ninahamia kombania ya nyuma, kuanza upya na wageni. Mwambie Baba gwaride limesogea, na mwambie kwa nini. Usipunguze kitu.

Nililala usingizi mzito siku zote mbili.

Mdogo wako,
Nico


Hospitali, wodi ya mifupa
8 Agosti

Kwa Bi Delfina Arizpe,

Hunijui, lakini mimi ninakujua, kwa sababu Arizpe alikuwa akinisomea barua zako. Zile za mwanzo. Za mwisho alizificha, sasa nimeelewa kwa nini.

Wameniwekea skrubu tatu. Daktari anasema nitatembea, na trekta la babu nitaliendesha, ila jeshi basi. Wananirudisha nyumbani. Kwa hiyo mwambie mdogo wako kwamba bado nimemkasirikia. Nilikuwa nimebakiza usiku mmoja. Huenda ningeuvuka. Daktari anasema hapana, lakini daktari hanijui.

Mama alipopiga simu aliuliza nani aliyenifikisha hospitali. Nikamwambia ni tumbo la Arizpe. Akacheka, kisha akalia, kisha akanikasirikia mimi. Anataka kuwaandikia. Nimempa anwani yako.

Jambo moja sijamwambia Arizpe na sitamwambia karibuni, kwa hiyo ninakuambia wewe. Pale mstarini nilikuwa nyuma yake. Suruali yake yote ilikuwa inatetemeka. Nimeshaona ng'ombe wakitetemeka hivyo mlangoni pa machinjio. Ng'ombe hawapigi hatua mbele.

Colby Ledbetter


Kambini, benchi la zahanati
Ijumaa, 9 Agosti

Dada Delfina,

Leo si Jumapili, lakini hapa benchini hakuna anayekataza mtu kuandika, na kalamu ninayo. Usishtuke kwa kuona niko zahanati. Ngoja nikueleze.

Niliporudi kwenye platuni Stroud aliniita ofisini. Alikuwa na taarifa ya daktari mezani.

"Tumbo likoje?"

"Limepona, afande."

"Nimefundisha makuruti miaka sita. Watu wa tumbo ninawajua."

Nilikuwa naogopa, lakini niligundua kwamba woga umekaa pembeni. Akasema ukarani umekwisha, na kwamba mpaka nitakapohama vyoo vyote ni vyangu. Nikasema ndiyo, afande. Kisha akainuka kunifungulia mlango, na aliinuka kwa kuisukuma meza kwa mikono yote miwili, kidogo kidogo, kama Baba. Sikuwahi kuliona hilo kabla. Yeye aliona kwamba nimeliona. "Nenda," akasema.

Kwa kuwa Ledbetter hayupo, nilihitaji mwenza wa siku chache hizi zilizobaki. Stroud aliuliza mstarini nani atamchukua Arizpe. Watu walikuwa wanatazama buti zao. Mtu aliyefika Mwendo Mrefu akaumwa tumbo, nani amtake? Halafu nikasikia sauti kutoka nyuma.

"Mimi, afande."

Alikuwa Kilgore. Platuni ikacheka.

"Wewe, Kilgore?"

"Lazima pawe na mtu wa kumsaidia kulea mtoto, afande."

Wakacheka zaidi. Nikajua siku zangu zilizobaki zitakuwa ndefu.

Leo asubuhi kabla ya mstari nilikuwa nimeshavaa, yeye bado amekaa ukingoni mwa kitanda chake. Hakunitania. Alisubiri wengine watoke, akanitazama, akatazama mlango.

"Arizpe. Hilo tumbo lako, huwa linarudi?"

Nikamtazama vizuri. Alikuwa amevaa buti moja. Nyingine ilikuwa mkononi, na mguu wake wa kushoto umevimba kama mkate, soksi imeubana, juu ya soksi pamekuwa rangi ya zambarau.

"Tangu lini?"

"Tangu Mwendo. Katikati ya njia kitu kililia ndani ya mguu. Nikaumalizia hivyo hivyo." Alikuwa anaongea kwa haraka, bila sauti yake ile ya kuchekesha watu. "Jumatatu kuna mbio za mwisho. Siwezi kwenda mbele ya Stroud kusema mguu. Mimi, Kilgore! Baada ya yote niliyomfanyia yule Ledbetter? Watanila mzima."

Nikachuchumaa, nikazilegeza kamba za ile buti mpaka mwisho, nikamshikia aingize mguu. Alitoa jasho lakini hakulia. Nje Stroud alikuwa ameshaanza kuita majina.

"Linarudi," nikamwambia. "Leo limerudi vibaya sana. Simama, tutachelewa."

Alinishika bega ili ainuke. "Lakini usimwambie mtu, Arizpe. Niapie."

"Nimwambie mtu nini?" nikasema. "Mgonjwa ni mimi."

Mdogo wako,
Nicanor